Mwuguzaji Naye Apumzike

Katika hospitali ya CHUK mjini Kigali, mgonjwa aliyelazwa huwa na ndugu wa kumwuguza: kumlisha, kumwogesha, kumfulia na kukesha naye. Wanyarwanda humwita umurwaza. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini mtu akiifanya peke yake siku nyingi, usingizi humshinda. Husahau saa ya dawa, hukasirika upesi, na mwisho aweza kuugua yeye mwenyewe.

Wazee wa Rwanda walilijua jambo hili. Mgonjwa alipochukuliwa milimani kwa ingobyi, yaani machela ya kusukwa, watu wanne walishika miti mabegani, na wengine walifuata ili kupokezana. Hawakungoja mchukuzi aanguke ndipo wampokee.

Basi nasi tufanye vivyo hivyo. Jamaa wapange zamu mapema. Anayeondoka amweleze anayeingia: dawa gani imekwisha kutolewa na saa ngapi, mgonjwa amekula nini, amelalaje. Kisha aende nyumbani, aoge, ale, alale bila kuona haya. Nanyi wanafunzi, wakati wa likizo mwaweza kushika zamu moja. Kupumzika si kumtupa mgonjwa; ni kupata nguvu za kumtunza kesho.