Kumbukumbu ya Matabaka: Somo la Istilahi kutoka Ghalani

Mkulima wa Lugulu hajazi mavuno yote jikoni. Unga wa leo hukaa karibu na meko. Magunia hukaa ghalani, nayo huletwa kadiri ya haja. Seva nayo yaweza kufuata utaratibu huo.

Seva moja huendesha mashine pepe kadhaa, yaani tarakilishi zisizo na umbo zinazogawana vifaa vyake. Aghalabu kinachopungua kwanza ni kumbukumbu. Seva yenye gigabaiti 64 ikitenga 8 kwa kila mashine, haipiti mashine 8. Ikiongezewa tabaka la gigabaiti 64 kwenye diski ya kasi, nafasi hufikia 16. Data zinazotumika hubaki juu, zilizolala hushushwa. Wazo hili ni kongwe: tarakilishi ya Atlas, Manchester, ililitumia mwaka 1962. VMware ililijaribisha kwa diski za NVMe mwaka 2024.

Hata hivyo, tabaka la chini ni la polepole kwa mara mia au zaidi. Data zinazotumika zikizidi tabaka la juu, mashine zote huzorota. Mali bila daftari hupotea bila habari: sharti mfumo ujue kinachotumika.

Hapa istilahi inatutatiza. Tumezoea kuita chipu "kumbukumbu" na diski "hifadhi". Diski ikifanya kazi ya kumbukumbu, tuiiteje? Makala haya yanapendekeza "kumbukumbu ya matabaka", kila tabaka likitajwa kwa kiasi chake. Shule itakayoambiwa tu "kumbukumbu gigabaiti 128" yaweza kununua kisichoifaa.