Kutafuta Kiini cha Kosa: Funzo Kutoka Injini ya MGB

Mwalimu mwanafunzi hana budi kujifunza kutofautisha dalili ya kosa na kiini chake. Mfano mzuri unapatikana katika MGB, gari dogo la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980.

Injini yake ina silinda nne, nazo huchoma kwa utaratibu wa 1-3-4-2. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kemshafti na distributa huzunguka mara moja. Injini iendapo mizunguko 3,000 kwa dakika, hutoa cheche 100 kila sekunde. Cheche zikichelewa, gari hukosa nguvu na injini hupata joto kupita kiasi. Zikiwahi mno, injini hugonga, na pistoni zaweza kuharibika.

Tuchukue gari linaloshindwa kupanda mlima. Fundi mwenye papara hukimbilia skrubu za kabureta. Fundi mwenye mpango hufuata hatua hizi:

1. Husoma namba ya injini na kitabu chake, kwa kuwa vipimo hutofautiana. Injini za mwanzo zenye mgandamizo mkubwa hutegwa digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele.
2. Hupima mwanya wa pointi za distributa: milimita 0.35 hadi 0.40.
3. Huzungusha injini kwa mkono mpaka silinda ya 1 iwe katika pigo la mgandamizo, na alama ya kapi ilingane na kipimo.
4. Huunga taa ndogo kati ya waya wa pointi na bodi, huwasha swichi, kisha hugeuza distributa taratibu. Taa iwakapo, pointi zimeanza kufunguka, hapo huikaza.

Kwa nini hatua ya 2 itangulie ya 4? Kwa sababu mwanya ukiwa mpana pointi hufunguka mapema, na ukiwa mwembamba huchelewa. Anayerekebisha mwanya baada ya kutega cheche huharibu kazi yake mwenyewe.

Sasa tugeukie darasa. Mtoto ameandika 52 − 27 = 35. Tukimpa maswali ishirini zaidi, tumegeuza skrubu za kabureta. Tukimwomba aeleze alivyofanya, atasema: saba toa mbili ni tano, tano toa mbili ni tatu. Hakuwa mvivu, wala hakustahili adhabu; katika kila safu alitoa tarakimu ndogo katika kubwa. Kiini kimo katika kukopa makumi, nalo ndilo somo la kurudiwa.

Shughuli ya darasa la sita: Watoto wakate magurudumu mawili ya kadibodi, moja la meno 12, jingine la meno 24, wayashikize ubaoni kwa pini na kuyatia alama zinazokabiliana. Dogo likizunguka mara mbili, kubwa litazunguka mara moja, na alama zitakutana tena. Kisha mwalimu asogeze gurudumu moja jino moja kwa siri. Watoto watafute kosa kwa kanuni hii: badiliko moja, jaribio moja, andika matokeo.

Zoezi kwa mwanachuo: Chagua makosa matatu katika madaftari ya mazoezi ya kufundisha. Kwa kila kosa andika dalili, kiini unachokishuku, na swali moja utakalomuuliza mtoto ili kuthibitisha kabla ya kusahihisha.