Mkonge, Kolesteroli na Mkemia Kiziwi
Ukipanda basi Mbeya au Iringa kwenda Dar, Morogoro utakutana na mkonge. Tunaupita tu, eti ni wa kamba. Kumbe nyuzi ni takriban asilimia 4 ya jani; mengine yote humwagwa.

Mwaka 1951 John Cornforth, Mwaustralia aliyefanya kazi London, na wenzake walionyesha kwamba mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki yanatoa hekojenini. Hii ni steroidi: kaboni 27, na pete nne zilizoungana kama za kolesteroli. Uzuri wake uko kaboni ya 12, ambako tayari kuna oksijeni. Kotisoni, dawa ya baridi yabisi, inaitaka kaboni ya 11. Kuiingiza hapo kutoka sifuri ni balaa. Kuisogeza nyumba moja ni nafuu. Kampuni ya Glaxo ikaichangamkia.

Akiwa na George Popják, kwa kutumia ini la panya na kaboni-14, alisaidia kukamilisha ramani ya kolesteroli: kaboni zote 27 hutoka kwenye asetati, 15 upande wa methili, 12 upande wa kaboksili. Nobeli ilikuja 1975.

Na huyu alikuwa kiziwi. Mihadhara ya Chuo Kikuu cha Sydney hakuisikia. Alijisomea vitabu na majarida, akajifungia maabara.

Kwenye TP, Mbeya, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha nne asiyesikia vizuri. Kemia ya kaboni nilimfundisha wiki nzima nikiongea huku nimegeukia ubao.