Somo la Kutunza Vitu vya Ngozi

Ndugu mukulima, na wewe muchungaji, somo hili ni juu ya vitu vya ngozi ambavyo mafundi wetu wanafanya kwa mikono: kamba ya kufunga ngombe, mukaba, viatu, ala ya panga, mufuko wa mbegu. Watu wengi wanasema: «Ngozi ni kitu cha nguvu, haiombi kazi.» Maneno haya si ya kweli. Wakati munyama alikuwa muzima, mafuta ya mwili wake yaliilainisha ngozi kila siku. Sasa munyama hayuko. Kazi ile imebaki kwa mikono yako.

Ona hasara. Mutu anapeleka ngombe sokoni. Kamba imekauka na kupasuka-pasuka, yeye hakuitazama. Njiani inakatika, ngombe anaingia katika shamba la maharagi la jirani. Mutu huyu anapoteza siku yake, analipa maharagi, tena jirani anamukasirikia. Mafuta kidogo yangetosha kuzuia maneno hayo yote.

1. Ujue kwanza ngozi yako

Kuna ngozi za namna mbili. Ya kwanza ni ngozi mbichi iliyokaushwa tu. Ikipata maji inakuwa laini na kuvutika. Ikikaa na maji siku nyingi, inaoza. Ya pili ni ngozi iliyolowekwa pamoja na maganda ya miti, kama vile akasia. Ndani ya maganda mna dawa inayoitwa tanini, nayo inazuia ngozi isioze upesi. Kata kipande kidogo pembeni, utazame ndani. Kama ndani ni ya rangi ya maganda pote, dawa imeingia vizuri. Kama katikati ni nyeupe au inapitisha mwangaza, ngozi ni mbichi bado: uikinge sana na mvua.

2. Adui za ngozi

Moto ni adui wa kwanza. Ngozi mbichi yenye maji inajikunja ikipata moto wa degre 60 na kitu hivi. Ile ya maganda inavumilia kidogo zaidi, kama degre 75 mpaka 85. Maji yakitokota yanapita pale. Basi kiatu chenye maji kikiwekwa karibu na mafiga kinajikunja, kinakuwa kigumu kama ubao, wala hakirudi tena.

Adui wa pili ni maji na ukungu. Wa tatu ni jasho na udongo: chumvi ya jasho inakausha ngozi, na muchanga unakata nyuzi za mushono. Wa ine ni chuma. Chuma chenye maji kikigusa tanini, ngozi inageuka nyeusi na kulegea pale. Kwa hiyo umwombe fundi atie misumari ya shaba, na wewe upanguse panga mpaka likauke mbele ya kulirudisha katika ala. Wa tano ni wadudu wadogo wenye manyoya ambao wanakula ngozi na kujificha katika mikunjo.

3. Kuosha na kukausha

Toa udongo kwa brosi au kwa majani makavu. Kisha panguse kwa kitambaa chenye maji kidogo. Usitumbukize ngozi katika maji. Usitumie sabuni ya majivu, sababu majivu ni makali, yanatoa mafuta yote na kuharibu ngozi. Kama uchafu hautoki, tumia sabuni laini kidogo sana, halafu panguse tena kwa maji safi.

Kausha katika kivuli, pahali panapopita upepo. Usiweke juani wala juu ya moto. Viatu ujaze majani makavu ndani ili visipoteze umbo lao. Ukiona ukungu, peleka kitu inje ya nyumba, ufute kwa kitambaa kikavu, uache upepo ukipige.

4. Kupakaa mafuta

Mafuta mazuri yanatoka katika miguu ya ngombe. Siku ngombe anapochinjwa, chukua miguu, toa kwato na ngozi, vunja mifupa, upike polepole katika maji kwa saa nyingi. Acha ipoe. Mafuta yanapanda juu: uyakusanye, uyachuje kwa kitambaa, uyapashe tena kidogo mpaka maji yaishe. Usitie chumvi.

Kwa vitu vinavyopata mvua, changanya sehemu tatu za mafuta na sehemu moja ya nta ya nyuki. Weka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto ili nta iyeyuke. Usiiweke juu ya moto wenyewe, sababu mafuta yanaweza kuwaka.

Pakaa wakati ngozi iko na umajimaji kidogo tu. Maji yanapotoka, mafuta yanaingia. Anza upande wa nyama, ndio unaokunywa vizuri. Sugua kwa vidole, acha usiku mumoja, kisha futa yanayobaki. Usizidishe: ngozi yenye mafuta mengi inalegea na kushika vumbi. Katika milima ya Kivu mvua kubwa inaanza mwezi wa 9. Basi pakaa mwisho wa mwezi wa 8, na tena kila mara ngozi inapoonekana kavu.

5. Kuweka

Tundika kamba na mikaba kwa muviringo, usiikunje kwa nguvu, sababu ngozi inapasuka pahali pa mukunjo. Usifungie katika sanduku ngozi yenye maji. Kila mwezi tazama mikunjo na mishono. Uzi mumoja ukikatika, ushone siku ile ile kwa uzi uliopakwa nta. Ukingoja, kesho yake ni kumi.

Maulizo

1. Unajuaje kama dawa ya maganda imeingia katikati ya ngozi?
2. Sababu gani kiatu chenye maji hakiwekwi karibu na moto?
3. Sabuni ya majivu inafanya nini katika ngozi?
4. Mafuta yanapakwa wakati gani, na upande gani kwanza?

Ukirudi nyumbani leo, shika kamba ya ngombe wako, uikunje kidogo. Ikilia au ikionyesha nyufa, usimufunge nayo kesho.