Mpeleke Mama Posta

Wadogo zangu, wiki hii namjibu mmoja wenu anayeishi Kimara. Mama yake anakuja kutoka Songea kumtembelea, watoto wako likizo, na hataki siku zote za mama ziishie Kariakoo na ufukweni. Amefikiria Makumbusho ya Taifa, ila anahofia mambo mawili: mama atachoka, na watoto watanuna.

Mpeleke, mdogo wangu. Lakini usimpeleke ndani ya jengo tu. Eneo lile la Posta linatembeleka kwa miguu, na vilivyoko nje vinaeleza vilivyoko ndani. Sisi wakazi wa Dar tunapita pale kila mara, mmoja anakimbilia benki, mwingine anafuatilia karatasi zake, na hakuna anayeinua macho. Siku hiyo muinue macho.

Kwanza jina, lisije likakupoteza. Ukimwambia bodaboda akupeleke Makumbusho, atakushusha Kijitonyama, kwenye stendi ya daladala jirani na Kijiji cha Makumbusho, kule kwenye nyumba za asili za makabila yetu. Ni pazuri, papangie siku yake. Mimi nasema Makumbusho ya Taifa yaliyoko Mtaa wa Shaaban Robert, kati ya barabara ya Samora na ya Sokoine, karibu na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM). Sema "Makumbusho ya Posta, karibu na IFM", utafika.

Sasa mpangilio wa siku. Wengi huanza na makumbusho asubuhi, wakitoka saa sita ndipo wanataka kutembea mjini, jua la utosi. Hapo ndipo mama anapochoka na watoto wanaponuna. Wewe geuza: asubuhi tembeeni nje kungali na kaubaridi ka bahari, jua likianza kukaza ingieni ndani. Njia yote niliyokuchagulia ni kama kilomita mbili, na mtaikata vipande vipande.

Pandeni mwendokasi mapema, mshuke kituo cha City Council saa mbili. Hapo hapo, kona ya barabara ya Morogoro na Sokoine, pana Boma la Kale. Lilijengwa kati ya 1866 na 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyetaka kugeuza kijiji cha wavuvi cha Mzizima kuwa mji wa bandari. Majid alifariki 1870, ndugu yake Barghash hakuujali sana mji ule, ukadorora hadi Wajerumani walipohamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kwa hiyo mnasimama mbele ya moja ya majengo ya kwanza kabisa ya Dar es Salaam.

Hapa msipite haraka. Waache watoto wausogelee ukuta na kuukagua: ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mkiingia ndani, inueni macho mtazame dari. Mtaona boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti hizo hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Waambie watoto wapime chumba kwa hatua zao. Mtoto aliyepima chumba kwa miguu yake hasahau.

Mbele kidogo upande uleule wa Posta kuna Nyumba ya Atiman. Watu wengi wanapita bila kujua Atiman alikuwa nani, nami ningependa watoto wetu wote wamjue. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto mdogo Afrika Magharibi akauzwa utumwani. Mapadre Weupe wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, kisha akaja Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, akatibu watu pale kwa zaidi ya miaka 60 hadi kifo chake mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa akawa daktari wa watu. Simulia hadithi hiyo mkiwa mmesimama pale pale, haihitaji dakika tano.

Kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kuanzia 1897 hadi 1902. Hapa mdogo wangu, nyamaza umpishe mama. Askofu wa jimbo hili wakati wa vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani alikuwa Mbenediktini aitwaye Cassian Spiss. Agosti 1905 alikuwa njiani kwenda Peramiho, yeye na wenzake wakauawa na wapiganaji wa Maji Maji kabla hawajafika. Peramiho ni kwa mama yako! Mtu wa Songea amekulia kwenye habari hizi. Kila Februari mji wao unawakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Anachokijua mama kuhusu vita ile huenda hakimo kwenye kibao chochote cha mjini. Muulize mbele ya wajukuu. Na umuulize hapa nje, kabla hamjaingia makumbusho, ili mkifika kwenye sehemu ya Maji Maji awe yeye ndiye anayewaongoza, si wewe unayesoma maandishi kwa sauti.

Hili nalisisitiza kwa sababu tuna tabia ya kuwapeleka wazazi wetu mjini tukiwaonyesha vitu kana kwamba wao hawajui lolote. Mzazi anafuata nyuma, anaitikia "eeh, eeh", jioni anasema amefurahi, na kumbe hakuna aliyemuuliza kitu. Mgeni wako ana vingi kichwani. Panga safari imfae yeye.

Endeleeni na barabara ya Sokoine hadi Kanisa la Azania Front, lile la Kilutheri lenye paa la vigae vyekundu, nalo lilikamilika 1902. Msikae sana. Ikiwa ni Jumapili kutakuwa na ibada, kwa hiyo litazameni kwa nje. Kwa ujumla Jumamosi asubuhi ndiyo siku ninayoipendelea kwa safari hii: siku za kazi magari ni mengi na makumbusho hujaa wanafunzi wa ziara, Jumapili barabara ni tulivu lakini makanisa yana watu wake.

Hapo pindeni kushoto, mpande mtaa wa Azikiwe hadi mzunguko wa Samora. Katikati amesimama askari wa shaba, singe yake imeelekea bandarini. Sanamu hiyo ni ya mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, kwa ajili ya kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake pale pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyosimamishwa 1911 na kuondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Waulize watoto: kwa nini mtawala mpya huanza na sanamu? Watakupa majibu ya kukushangaza. Sanamu itazameni mkiwa ng'ambo, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Usivushe watoto kwenda katikati ya mzunguko kwa ajili ya picha. Na hapo simu iwe mkononi upande wa ukuta, maana waporaji wa pikipiki wanapenda sana barabara kubwa.

Sasa fuateni Samora kuelekea baharini, upande wa kivuli. Wakati wa Mwingereza barabara hii iliitwa Acacia. Kwa mwendo wa mama mtatumia kama robo saa hadi makumbusho. Akitaka kupumzika, nunueni maji ya dafu, kaeni. Hamshindani na mtu.

Mtafika kama saa nne, jua limeanza kuuma, na hapo ndani ndipo penye nafuu. Makumbusho haya yalianzishwa 1934 na kufunguliwa kwa umma 1940, yakiwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo ni ya kwetu, yana majengo ya kale na mapya. Bebeni vitambulisho, kwa sababu raia analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na simu yako iwe na chaji na salio endapo malipo yatakuwa ya kimtandao. Siku moja kabla, piga simu uulize kama kumbi zote ziko wazi. Makumbusho yoyote duniani hufunga ukumbi kwa ukarabati.

Ushauri wangu mkubwa hapa: chagueni vitu vitatu. Vitatu tu. Mengine mtayaona mkipita, lakini vitatu hivyo mvikalie.

Cha kwanza ni fuvu la Zinjanthropus. Mary Leakey aliligundua fuvu hilo Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na umri wake ni karibu miaka milioni 1.75. Usiwaambie watoto "huyu ni babu yetu", maana si kweli. Wataalamu wanamhesabu kuwa wa tawi la kando lililokoma. Waonyeshe magego yake, makubwa mno ukilinganisha na yetu. Kisha waonyeshe utosini: kuna ukingo wa mfupa uliosimama kama shungi la jogoo. Ukingo ule ulishikilia misuli ya taya iliyompa nguvu ya kutafuna vyakula vigumu. Mwambie kila mtoto aweke vidole kwenye panda zake za uso na kutafuna kidogo, atausikia msuli wake mwenyewe ukicheza. Mpwa wangu alishinda anatafuna hewa mchana kutwa, na mpaka leo anaweza kukueleza Zinjanthropus alikuwa mlaji wa namna gani.

Cha pili ni sehemu ya historia, kuanzia Kilwa. Tazameni vyombo vya udongo vya kigeni vilivyofukuliwa pwani yetu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta ni mji mkubwa, uliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Kutoka hapo songeni hadi Maji Maji, na hapo kumbuka nilichokuambia: mama ndiye mwalimu. Mletee kiti kama kipo.

Cha tatu, waache watoto wachague. Nina hakika watachagua magari ya viongozi, likiwemo lile la Rolls-Royce lililotumiwa na watawala wa kikoloni na baadaye Mwalimu Nyerere. Waache. Dakika ishirini kwenye magari si dakika zilizopotea. Mtoto akipewa chake atakuvumilia kwenye chako.

Uwanjani kuna kumbukumbu ya shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Kama watoto ni wadogo sana, amua mwenyewe. Wakiwa wa darasa la tano kwenda juu, waeleze kwa maneno machache na ya kweli. Wapo watu wa mji huu wanaomkumbuka jamaa yao pale, kwa hiyo picha za kuchekacheka zipigieni kwingine.

Mkitoka, Bustani ya Mimea iko jirani. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa kufanyia majaribio ya mimea ya biashara, na hadi leo ina miti mikubwa yenye kivuli kizito. Hapa mama avue viatu, watoto wakimbie. Kama mmebeba maandazi na chai kwenye chupa, ndipo pa kuyafungulia. Baada ya kupumzika msielekeze kamera upande wa Ikulu, tafadhali, wala meli za jeshi. Wengi wamejikuta wakihojiwa mchana kutwa kwa ajili ya picha moja.

Kuhusu mavazi: raba au viatu vya chini, si vya kisigino na si kandambili, maana njia zetu za miguu zina mashimo na mifuniko iliyokosekana. Kofia, mtandio, chupa ya maji kila mtu na yake. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, hewa imepoa. Desemba hadi Machi joto ni kali, basi fupisheni: acheni Askari, mtoke Azania Front moja kwa moja makumbusho. Masika yakiwakuta, chukueni bajaji hadi mlango wa makumbusho na matembezi yawe ya siku nyingine. Na mama akikuambia magoti yanamsumbua, usimbishie, kateni njia hapo hapo.

Chakula cha mchana kuleni Feri. Kutoka bustanini hadi soko la samaki la Magogoni si mbali, mkifuata ufukwe mkiwa na pantoni za Kigamboni mbele yenu. Ulizeni bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Mama wa Songea amezoea samaki wa Ziwa Nyasa. Mwache achague mwenyewe wa bahari, na umwachie akosoe upishi akipenda.

Halafu ondokeni kabla ya saa tisa. Kituo cha Kivukoni kiko pale pale na ndiko mabasi ya Kimara yanakoanzia, kwa hiyo mkiwahi kabla wafanyakazi hawajatoka maofisini, nyote mtapata viti hadi nyumbani.