Somo la Usiku: Kutazama Nebula kwa Macho Mawili

Nebula ni wingu kubwa la gesi na vumbi lililoko kati ya nyota. Ni rahisi kulifundisha jambo hili kwa picha peke yake; lakini kijijini kama Mgori, mkoani Singida, giza la usiku wa kiangazi humwezesha mwanafunzi kuiona nebula yenyewe.

Shabaha: Mwanafunzi wa Darasa la VI aweze kuitafuta nebula iitwayo M8 na kueleza alichokiona yeye mwenyewe.

Matayarisho: Chagua usiku usio na mbalamwezi, katikati ya Agosti, yapata saa 3. Funika tochi kwa kitambaa chekundu. Wanafunzi wakae gizani dakika 20 hadi 30 ili macho yazoee.

Utaratibu: Waonyeshe kundi la nyota la Nge, lililo juu upande wa kusini. Kutoka mwiba wa mkia wake, wapime kwa mkono ulionyoshwa ngumi moja na nusu kuelekea kaskazini, wakisogea kidogo mashariki. Hapo pana doa hafifu, ambalo darubini ndogo ya macho mawili hulidhihirisha. Asiyeliona atazame pembeni yake kidogo, kwa kuwa kando ya jicho huhisi nuru hafifu kuliko katikati.

Ulinganisho: Baadhi ya watazamaji nyota hufunga kwenye darubini kubwa kifaa kinachoigawa nuru kwa macho mawili. Hiyo ni mfano wa beseni lililokinga mvua, kisha maji yakagawanywa katika bakuli mbili. Darubini ndogo ni vikombe viwili, kila kimoja kikikinga mvua yake. Wanafunzi wakokotoe: kioo chenye kipenyo cha sentimeta 40 hukusanya nuru mara ngapi kuliko kile cha sentimeta 5? Jibu ni mara 64. Ikigawanywa, kila jicho hupata takriban mara 32.

Tathmini: Kila mwanafunzi achore doa aliloliona na kutaja rangi yake. Picha za vitabuni huonyesha wekundu, kwa sababu kamera hukusanya nuru kwa muda mrefu; jicho, hata kwenye darubini kubwa, kwa kawaida huona kijivu. Basi, mwalimu, anayeandika “kijivu” ndiye aliyetazama. Ukimsahihisha ili afuate kitabu, utakuwa umemfundisha kutoyaamini macho yake, na hapo Sayansi imekoma.