Matiti Kuuma Kabla ya Hedhi: Kalenda Inavyosaidia Kujua la Kawaida na la Hatari

Wanawake wengi huhisi matiti yakiwa mazito, yakivimba na kuuma siku chache kabla ya hedhi. Kwa wengine ni usumbufu mdogo tu. Wengine hushindwa kulala kifudifudi, kubeba mtoto au kukimbilia matatu bila kushika kifua. Kwa kuwa jambo hili halizungumzwi sana nyumbani, huzaa makosa mawili. Wapo wanaokaa na hofu ya saratani kwa miezi kadhaa ilhali maumivu yao ni ya kawaida. Wapo pia wanaohisi uvimbe, wakasema "ni ya mwezi tu", na kuchelewa kupata matibabu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutofautisha hali hizo mbili na namna ya kupata nafuu.

Kwa nini matiti huuma

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kutokwa damu hadi siku inayotangulia damu inayofuata. Kwa wengi huchukua kati ya siku 21 na 35. Takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yai hutoka kwenye kifuko cha mayai. Kuanzia hapo mwili hutoa homoni ya projesteroni kwa wingi, ikisaidiana na estrojeni, kujiandaa endapo mimba itatunga. Tezi za maziwa nazo huitikia. Hujaa, maji hukusanyika ndani ya titi, na mishipa ya fahamu huwa nyepesi kuhisi.

Mimba isipotunga, homoni hizo hushuka, hedhi huanza, na maumivu hupungua ndani ya siku chache. Ndiyo maana maumivu haya huja na kuondoka kila mwezi. Kwa kawaida hushika matiti yote mawili, hata kama moja linauma zaidi, na husikika zaidi sehemu ya juu kuelekea kwapani. Matiti yanaweza pia kuwa na vinundu vidogo vidogo vinavyolainika baada ya hedhi.

Kalenda ya miezi miwili au mitatu

Njia rahisi ya kujua kama maumivu yanafuata hedhi ni kuyaandika. Inatosha kuwa na kalenda ya ukutani au daftari. Siku ya kwanza ya damu huwekwa alama ya X. Kila jioni mwanamke huandika nambari: 0 kama hakuna maumivu, 1 kama ni kidogo, 2 kama yanasumbua kazi, na 3 kama yanazuia kazi au usingizi.

Chukua mfano wa mwanamke aliyeanza hedhi tarehe 3 Machi na tena tarehe 31 Machi. Mzunguko wake ni wa siku 28. Kalenda yake inaonyesha 0 hadi tarehe 21, kisha 1 na 2 kuanzia tarehe 22, na 0 tena ifikapo tarehe 2 Aprili. Mwezi unaofuata mambo yanajirudia vivyo hivyo. Hayo ni maumivu yanayofuata hedhi.

Mwanamke mwingine anaandika 2 karibu kila siku, kabla na baada ya hedhi, na daima ni sehemu ileile ya titi la kushoto. Maumivu hayo hayafuati mzunguko. Huenda yanatokana na msuli uliovutika kwa kuchota maji au kulima, lakini anapaswa kupimwa na mhudumu wa afya.

Namna ya kupata nafuu

Kwanza ni sindiria inayokaa vizuri. Mkanda wake uzunguke kifua sawasawa bila kupanda mgongoni, kikombe kilizibe titi lote, na kamba zisichimbe mabega. Anayenunua mitumba anaweza kwenda sokoni na utepe wa fundi wa kupimia, badala ya kukisia kwa macho. Kwa kuwa matiti huongezeka ukubwa siku hizo, ni vyema kuwa na moja iliyo kubwa kidogo. Sindiria laini inaweza kuvaliwa hata usiku.

Pili, kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, au cha baridi, huwekwa juu ya titi kwa dakika 10 hadi 15. Kila mwanamke achague kinachomfaa. Maji yasiwe ya kuunguza, na titi lisikandwe kwa nguvu.

Tatu, dawa za kutuliza maumivu kama parasetamoli au ibuprofeni husaidia zikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ibuprofeni inywewe baada ya chakula. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala kwa anayedhani ni mjamzito. Mwenye pumu amuulize mhudumu wa afya kwanza.

Kuna wanaopata nafuu wakipunguza chumvi, chai kali na kahawa. Utafiti haujathibitisha kwamba njia hizi humsaidia kila mtu, lakini kuzijaribu kwa miezi miwili hakuna madhara, na kalenda itaonyesha kama kuna tofauti.

Mwanamke aliyeanza karibuni vidonge au sindano ya kupanga uzazi aelewe kwamba dawa hizo huweza kuleta maumivu ya matiti. Asiache ghafla bila ushauri, maana anaweza kupata mimba asiyoipanga. Amweleze muuguzi, na njia nyingine inaweza kutafutwa. Ikiwa matiti yanauma na hedhi imechelewa, kipimo cha mimba kifanywe kwanza.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Maumivu peke yake, bila dalili nyingine, ni nadra kuwa saratani. Kwa upande mwingine, uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi unapoanza. Kwa hiyo kutouma si sababu ya kutulia. Mwanamke afike kituo cha afya akiona:

• uvimbe au sehemu ngumu inayobaki baada ya hedhi kuisha;
• uvimbe kwapani;
• ngozi ya titi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa;
• chuchu iliyoanza kuingia ndani, au kutoa damu au majimaji;
• kidonda au upele kwenye chuchu usiopona;
• titi moja lililobadilika umbo au ukubwa ghafla.

Anayenyonyesha akiona titi jekundu, la moto, pamoja na homa, aende siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi yanayohitaji dawa.

Wakati mzuri wa mwanamke kujikagua ni siku chache baada ya hedhi kuisha, matiti yakiwa laini. Akijikagua kabla ya hedhi, vinundu vya kawaida vinaweza kumtia hofu bure.

Kufika kituoni

Hatua ya kwanza inaweza kuwa kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa, au zahanati iliyo karibu. Kalenda ibebwe, kwani humpa mhudumu picha kamili kwa muda mfupi. Atauliza maswali, kisha atapima matiti yote mawili na makwapa. Akiona haja, atampa barua ya rufaa kwenda hospitali kupigwa picha. Mwanamke ana haki ya kuomba faragha na kuandamana na mtu anayemwamini.

Wazazi na walimu wanahimizwa kuwaeleza wasichana mapema kwamba maumivu haya hutokea, ili wasiyabebe kwa siri. Waume nao wanaweza kusaidia kwa kupokea mtungi wa maji au mtoto siku hizo, na kwa kutomkatisha tamaa mke anayesema ameona uvimbe anaotaka upimwe.